Binti yangu ameichukia sura yake tangu apate simu. Nianzie wapi?

"Naishi Masasi. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Msimu uliopita wa korosho baba yake alimnunulia simu ya tachi ili asomee likizo. Sasa anajipiga picha hata 30 kwa siku, anazifuta zote, halafu analia. Anasema pua yake kubwa na yeye ni mweusi mno. Juzi nikitandika kitanda chake nilikuta chini ya godoro kikopo cha krimu pamoja na mkanda wa kubana tumbo. Uso umeanza kuwa mweupe lakini vidole vimeota sugu nyeusi. Usiku hali, anasema ameshiba. Baba yake anataka kuivunja simu. Mama mkwe anasema ni kukosa adabu, arudishwe kwa somo wake akafundwe upya. Nifanye nini, na nianzie wapi?"

Mama, umefanya vizuri kuuliza kabla nyundo haijafika kwenye simu. Swali lako limebeba mambo matatu kwa mpigo: krimu, chakula na simu. Yamefungamana, lakini hayana haraka sawa. Krimu ishughulikiwe wiki hii hii. Chakula anza kukifuatilia leo jioni, kimya kimya. Simu inaweza kusubiri kidogo, ingawa ndiyo inayompandisha baba hasira.

Kwanza neno la mama mkwe. Binti anayejipiga picha 30 na kuzifuta zote huku akilia hana kiburi. Anatafuta picha moja ambayo haitamuumiza, na haipati. Akiambiwa hana adabu atajifunza kuficha vizuri zaidi, basi.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza kwamba mtu akikosa kipimo cha wazi cha kujipima hujipima kwa watu waliomzunguka. Urefu una futi na mtihani una alama, ila uzuri hauna rula. Msichana wa Masasi wa zamani alijipima kwa wenzake wa darasani, wa bombani, wa kwenye ngoma. Kati yao kulikuwa na mwenye chunusi, mwenye pengo, mrefu na mfupi, na wote aliwahi kuwaona asubuhi wakiwa na tongotongo. Binti yako anajipima kwa video za sekunde 15 au 20, ambazo kwa saa moja hufika karibu 200. Hao wamewekewa taa, wamerudia mara nyingi mpaka ikapatikana moja nzuri, kisha hiyo moja nayo ikasafishwa. Anachukua uso wake wa kweli na kuushindanisha na kitu kilichotengenezwa. Hawezi kushinda.

Lakini tusiibebeshe simu kila kitu. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford, Amy Orben na Andrew Przybylski, walipitia takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wakakuta kwamba matumizi ya vifaa vya kidijitali yanaeleza sehemu ndogo sana ya tofauti za hali njema kati ya kijana na kijana, isiyozidi asilimia 0.4. Huo ni wastani, na wastani ni kama kina cha Ruvuma wakati wa kiangazi: kwa jumla maji ya magoti, lakini kuna mashimo ambamo mtu anazama. Vijana wengi wanavuka salama. Wa kwako, kwa dalili ulizoandika, yuko kwenye shimo.

Kuna wanaosema sisi Waafrika tunaheshimu mwili ulioshiba, kwa hiyo balaa hili ni la Wazungu. Huko Fiji nako mwili mnene uliheshimiwa. Televisheni ilipofika eneo la Nadroga mwaka 1995, mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari. Mwanzoni hakuna aliyesema anajitapisha ili asinenepe. Mwaka 1998 waliosema hivyo walikuwa asilimia 11.3. Na kwetu picha inayofukuzwa si ya wembamba peke yake. Ni umbo namba nane: kiuno kimekatika, makalio yamejaa, ngozi nyeupe. Mkanda na krimu vinakwambia binti yako anaifukuza picha gani.

Sasa pua. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo utakapoweza kumsaidia bila kumhubiria.

Kamera hukikuza kilicho karibu nayo kuliko kilicho mbali. Binti akikunja kiwiko na kujipiga picha, simu huwa kama sentimita 30 kutoka usoni. Ncha ya pua iko mbele, masikio yako nyuma kwa sentimita kadhaa, na katika ukaribu huo sentimita hizo chache ni tofauti kubwa. Pua inavimba, masikio yanarudi nyuma, uso unakuwa kama umetazamwa kwenye kijiko. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walipiga hesabu wakaona kwamba kwa umbali wa sentimita 30 pua huonekana pana zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko inavyoonekana kwa mita 1.5. Pua anayoililia, mama, sehemu yake imetengenezwa na umbali wa mkono.

Usimwambie jibu. Fanyeni jaribio barazani asubuhi, kwenye kivuli, jua lisimpige usoni. Ajipige picha moja kama kawaida yake. Halafu mdogo wake asimame hatua mbili kutoka kwake, kama mita moja na nusu, ashike simu usawa wa macho na ampige kwa kamera ya nyuma, akiivuta picha kidogo ili uso ujae. Wekeni picha hizo mbili pamoja. Apime mwenyewe kwa rula juu ya kioo cha simu: upana wa pua, kisha upana wa uso kutoka shavu hadi shavu, agawanye namba ya kwanza kwa ya pili. Kidato cha tatu anaiweza hesabu hiyo. Namba mbili tofauti za pua ileile zitamwambia kile ambacho wewe ukisema ataona unamfariji tu.

Yapo mengine mawili ndani ya simu. Simu nyingi zinazouzwa kwetu huja kamera ya mbele ikiwa imeshawashwa kirembeshi, bila kumuuliza mtu. Fungua kamera, tafuta alama ya uso au neno Beauty, vuta kipimo mpaka 0. Kirembeshi hulainisha ngozi, huing'arisha na kuipunguza taya, kwa hiyo akikizoea, siku anapopigwa picha na simu ya mwenzake anajiona ameharibika. La pili ni kioo. Uso anaoujua ni ule wa kwenye kioo, kushoto na kulia vikiwa vimegeuzwa. Picha ikimwonyesha kama watu wanavyomwona, anahisi kitu kimepinda. Hakuna kilichopinda, macho yake hayajazoea upande huo tu.

Na filta wakati mwingine ni rahisi kuikamata. Awashe ile anayoipenda, kisha apitishe kiganja taratibu mbele ya uso. Kwa baadhi ya filta, kiganja kikifunika pua au mdomo programu hupotewa: rangi inarukaruka, jicho linapungua, pua ya kweli inachungulia sekunde moja. Akishaiona ikiruka kwake, ataanza kuitambua kwenye video za watu wengine.

Kwa nini simu inamletea sura za namna hiyo tu? Programu hizi hupima muda ambao jicho limetulia. Hazipimi kama umefurahi au umeumia. Ni kama muuza duka anayetazama macho yako yameganda wapi, kesho akaijaza rafu bidhaa hiyohiyo. Binti akimtazama kwa uchungu dada mweupe mwenye kiuno chembamba, amesimama pale sekunde 20, na mashine imeandika: anapenda hii, mwongezee.

Tuje kwenye krimu. Mikorogo inayotembea madukani na kwenye kurasa za mauzo mara nyingi ina kimojawapo kati ya vitu vitatu: haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali kama clobetasol na betamethasone. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na steroidi ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Soma kikopo chote pamoja na boksi. Zebaki huandikwa mercury, calomel, mercurio au Hg. Wakati mwingine haiandikwi, lakini boksi linaonya krimu isigusane na dhahabu, fedha au alumini. Onyo hilo kwenye kipodozi ni dalili ya zebaki. Kisicho na maandishi kabisa kihesabu kuwa kibaya.

Sugu za vidoleni ulizoziona ni alama inayofahamika ya mkorogo. Steroidi inaikondesha ngozi, inaleta chunusi, michirizi na vinyweleo usoni. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu, tena chini ya jua letu la kusini, inaweza kuleta madoa ya bluu-nyeusi ambayo hayatoki kirahisi. Zebaki hupita kwenye ngozi hadi kwenye figo, na humfikia hata mtoto mdogo anayelala kitanda kimoja na mpakaji, kupitia shuka na taulo.

Usiichome krimu hiyo jalalani. Zebaki ikipata moto inakuwa hewa, nanyi mtaivuta. Ifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, uibebe kwenda nayo hospitali. Muulize binti, kwa sauti ya kawaida, ameanza lini, anapaka wapi, mara ngapi kwa siku. Kama ni uso tu kwa wiki mbili tatu, kwa kawaida anaweza kuacha mara moja. Kama ni mwili mzima kwa miezi, asiache ghafla bila kuonana na daktari. Steroidi nyingi ikikatwa kwa mkupuo, ngozi huwaka na kuvimba, na mwili unaweza kuishiwa nguvu kwa sababu tezi zake zimesahau kutengeneza ile ya asili.

Wengi hushindwa kuacha kwa sababu hii: baada ya kuacha, ngozi hurudi ikiwa nyeusi kuliko ilivyokuwa, na chunusi hufumuka, kwa wiki kadhaa au miezi. Binti asipoambiwa mapema ataamini krimu ilikuwa inamsaidia, na atairudia kwa siri. Mwambie kabla haijatokea. Kipindi hicho apake mafuta yasiyo na manukato, kama vaselini ya kawaida, aoshe uso mara mbili kwa sabuni laini, na akitoka saa za jua kali ajitande kanga au avae kofia. Limao, baking soda na dawa ya meno visiguse uso huo.

Kuhusu chakula, huenda mkanda wenyewe ndio unaosema ameshiba. Unalikandamiza tumbo, chakula kidogo kinajaza, tindikali inapanda kifuani, pumzi inakuwa fupi. Kiuno hakipungui. Nyama imesogezwa tu, na mkanda ukifunguliwa inarudi mahali pake. Zaidi ya hapo, kuongezeka nyonga na mapaja katika umri huu ndiyo balehe yenyewe inayofanya kazi yake, na haihitaji dawa.

Usimlazimishe kumaliza sahani, wala usimsifie akila. Mle sinia moja usiku, chakula kile cha siku zote, ugali wa muhogo na samaki, mbaazi, au ming'oko ikiwa msimu wake, na mazungumzo yawe ya mambo mengine. Tazama kama akimaliza kula anakwenda chooni moja kwa moja. Tazama nguo kama zimepwaya. Muulize hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Muulize pia, bila kumtishia, kama kuna vidonge anavyomeza vya kuongeza makalio. Vingine huwa ni dexamethasone au cyproheptadine. Cha kwanza huvimbisha uso, hupandisha sukari, na nacho ni hatari kukatwa ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu.

Sasa mazungumzo. Ukimwambia "wewe ni mzuri, mwanangu", ataona ni wajibu wako kusema hivyo. Mwambie badala yake, "Nionyeshe hao unaopenda kuwatazama." Kaa naye dakika 20, tazama kweli, usicheke, usiseme "hawa wahuni". Kisha swali moja: "Ukimaliza kumtazama huyu, unajisikiaje?" Nyamaza mpaka ajibu. Krimu uliyoikuta itaje mwenyewe siku hiyohiyo, "Nimeikuta nikitandika, nimeogopa kwa ajili ya afya yako", kuliko kumwekea mtego wa kusema uongo.

Hapa niiguse nyumba, na naomba usinielewe vibaya. Kusini ni nchi ya utani, na utani wetu haukwepi mwili. "Cheusi", "kibonge", "njiti", na ile ya kila mtoto anapozaliwa: "katoka mweupe, mzuri huyo!" Simu ilipofika kwa binti yako, sentensi hiyo alikuwa ameshaisikia miaka 16. Kuanzia sasa maneno ya rangi na unene yakome ndani, kwa watani, kwa shangazi, na kwako pia unapojitazama kwenye kioo ukalalamikia tumbo lako mbele yake. Hili haligharimu chochote, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko sheria yoyote ya simu.

Mama mkwe hajakosea yote. Somo anayejua kusikiliza anaweza kuambiwa na binti mambo ambayo mama haambiwi. Mpeleke kwa mazungumzo, si kwa adhabu, na uzungumze na huyo somo kwanza: asije akamwambia atakosa mume. Kama kuna bibi wa Kimakonde karibu, aombwe asimulie habari za nembo na ndonya. Kule Newala wapo bado bibi wachache wenye chale usoni na tundu la mdomo wa juu, na walipokuwa wasichana hayo ndiyo yaliyowafanya watazamwe. Msichana asiye nayo ndiye aliyeonekana ana kasoro. Binti akisikia hayo kutoka kwenye mdomo wenyewe atapata la kufikiria usiku.

Simu isivunjwe. Ikivunjwa ataazima ya rafiki, ataingia kwa jina jingine, na nyie mtapoteza mlango pekee wa kuona anachokiona. Mpango ninaoupendekeza unatokana na utafiti wa Kanada wa mwaka 2023. Vijana 220 wa miaka 17 hadi 25, waliokuwa na dalili za wasiwasi au sonona, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipunguza mitandao hadi saa moja kwa siku kwa wiki tatu, na baada ya hapo walijiona vizuri zaidi kwa sura na kwa uzito kuliko wale walioendelea kama kawaida. Binti yako ni mdogo kidogo kuliko wao, ila jaribio hilo halina madhara. Mkubaliane wiki tatu, saa moja kwa siku, masomo hayahesabiwi. Ndani ya mipangilio ya simu kuna sehemu inayoonyesha dakika za kila programu. Aandike mwenyewe kwenye daftari kila jioni, pamoja na alama kutoka 1 hadi 10 ya anavyojisikia kuhusu mwili wake. Mnunulieni bando dogo la siku, si la mwezi. Saa tatu usiku simu ikachajiwe chumbani kwenu, na yenu pia, maana umri wake unahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi na bando la usiku ndilo linaloziiba.

Katika saa hiyo moja aisafishe rafu. Kila sura inayomwacha vibaya aache kuifuata, na kila video ya namna hiyo aibonyeze na kuishikilia mpaka menyu itokee, achague kwamba haimvutii. Atafute kwa makusudi vitu vingine: mapishi, ususi wa nywele za asili, mpira, maswali ya fizikia. Siku za mwanzo zile za zamani zitaendelea kurudi, asikate tamaa. Kosa la wazazi hapa ni kuuliza kila siku "umeona faida?" au kupekua simu yake kwa siri. Lingine ni kuongeza masharti katikati ya wiki tatu. Kilichokubaliwa kibaki hivyo.

Baba mpe kazi badala ya nyundo: yeye ndiye mtunza chaja. Na kama kuna mwanao wa kiume, mtazameni naye. Wavulana huanza na pushapu 200 na kuishia kuomba hela ya poda za misuli, na hakuna anayeshtuka kwa sababu inaonekana ni mazoezi.

Usisubiri wiki tatu ziishe ukiona lolote kati ya haya: amezimia au ana kizunguzungu, hedhi imekatika miezi mitatu, anajitapisha, miguu au uso umevimba, mkojo una povu jingi, au ngozi imechubuka. Nenda Mkomaindo hapo Masasi, nao wakiona haja watakupa rufaa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mtwara. Msomaji wa Lindi ana Sokoine. Kama kuna mtu mzima anayemtumia ujumbe akimwomba picha za mwili, usifute chochote, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Akisema maneno kama "bora nisingezaliwa", muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, na siku hiyohiyo fungia kwa kufuli viuatilifu vyote vya mikorosho vilivyomo nyumbani, kisha mpeleke hospitali. Namba 116 ya simu ya mtoto ni ya bure, na binti anaweza kuipiga mwenyewe.

Siku ya kwenda beba kikopo, boksi lake, mkanda, na vidonge kama vipo. Ukifika mapokezi omba faragha, muulizie pia afisa ustawi wa jamii, na mwache binti aongee na mhudumu dakika kumi wewe ukiwa nje. Kuna majibu ya hedhi, ya vidonge na ya jumbe za simu ambayo mtoto hawezi kuyatoa mbele ya mama yake.